Foronya ya Majani Saba

Sipendi kuhurumiwa, na ugonjwa ule uliniletea huruma ya kutosha vijiji viwili. Kiharusi kilinipiga nikiwa kazini, mkasi mkononi. Niliporudi nyumbani kutoka hospitali, mguu ulikuwa umeshaanza kutii, ulimi nao ukarudi na makali yake yote, ila mkono wa kulia uligoma. Fundi mwenye miaka kumi na tisa kazini, mtarizi wa magauni ya maharusi, nikawa siwezi kufunga kifungo changu mwenyewe.

Mama Rula, mwenye karakana yetu, alikuja kunitazama wiki ya kwanza. Jina hilo tulimpa kwa kuwa hatembei bila rula, na akikusema, huuma na kupuliza. "Pole sana, mwanangu," akaniambia. "Kiti chako nakushikilia miezi miwili. Nitakuja kuona kazi ya mkono wako. Ukiwa bado, itabidi niweke mtu." Akaniachia foronya nyeupe, nyuzi za kijani na duara la mbao la kukazia kitambaa. Akataka nitarizi majani saba ukingoni. Majani, kazi tunayowapa wanafunzi!

Nikaanza. Kila asubuhi mdogo wangu alinitungia uzi kwenye sindano, akaniegemeza kwenye mito, akaenda kufua. Tunamwita Chiriku, na ukikaa naye dakika tano utajua kwa nini. Kutarizi alijifunzia kwangu, mezani pangu. Yote aliyashika isipokuwa moja: kwetu fundi hafungi fundo, mwisho wa uzi hufichwa chini ya mishono. Hilo lilimshinda tangu utoto.

Saa moja ya sindano ilinitoa jasho. Vidole vilitetemeka, mshono mmoja mrefu, mwingine umejikunyata. Hasira ikinipanda nilitupa duara kitandani, nikachukua kitabu. Kilikuwa kinene, kisicho na jalada, hadithi ya mwanamke aliyerithi nyumba yenye vyumba alivyokatazwa kuvifungua. Nilikifungua kwa mkono wa kushoto, nikakibana na kikombe kisijifunge. Mle ndani sikuwa na mkono wa kulia wala wa kushoto. Nilimsema yule mwanamke kwa ujinga wake, nikamwonea wivu kwa funguo zake, mpaka usingizi wa mchana ukanichukua.

Nikiamka, naitazama tena foronya, na jani lile nililolitukana asubuhi naliona si baya. Limenyooka.

"Si unaona, Dada?" Chiriku huniambia. "Asubuhi unajionea tu."

Nikaamini. Macho ya mgonjwa hayana haki, nikasema. Jani la tatu likawa zuri kuliko la pili, na la tano ningeweza kumwonyesha bibi harusi bila aibu. Nikaanza kupanga nitavaa viatu gani siku ya kurudi, na nani atanishika mkono kwenye ngazi za karakana. Nikamwambia Chiriku kwamba mkasi wangu mkubwa bado uko kule, na ole wake aliyekatia karatasi. Yeye anayeongea hata akipiga mswaki, akanyamaza. Nikadhani amechoka kunihudumia.

Miezi miwili ikatimia, Mama Rula akaja Jumamosi asubuhi. Akaketi kando ya kitanda, akaipokea foronya, akaielekeza dirishani. "Kazi safi," akasema. "Kusema kweli sikutegemea." Nilifurahi, nikavitafuta viatu vyangu kwa macho.

Kisha akaigeuza, kama tunavyogeuza sote, maana uso wa kazi humdanganya mteja tu. Akapitisha kidole. Akakipitisha tena. Akanirudishia, upande wa nyuma ukiwa juu.

Kulikuwa na mafundo. Madogo, nadhifu, moja kila jani. Na pembeni mwa kila jani, matundu ya sindano yangu ya asubuhi, yamepinda kama njia ya mlevi, uzi wake umefumuliwa.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na sinia, machozi yanamtoka. "Ulikuwa unalala umenuna, Dada. Ukiamka ukakuta limenyooka, unakula. Nilitaka kufumua lile la kwanza tu. Halafu nikashindwa kuacha."

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kumkumbatia vilevile, na mkono wa kufanyia lolote kati ya hayo mawili sikuwa nao. Miezi miwili nimevishwa kilemba cha ukoka, na aliyenivisha ni damu yangu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na raha.

Mama Rula aliichukua tena foronya, safari hii akaitazama kwa macho ya kazi. Macho hayo nayajua. "Kumbe mkono ni wako, binti," akamwambia Chiriku. "Mafundo tutakuachisha. Jumatatu njoo uanze." Akanigeukia, akapuliza: "Angalau kiti kitabaki cha nyumbani, mwanangu."

Chiriku akasema hataki. Alisema mara tatu, huku akinitazama mimi. Lakini nyumba ile ilikuwa na watu wawili na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi.

"Atakuja," nikasema.

Jumatatu alinitungia sindano nne, akanisogezea kitabu, akasimama mlangoni na mkoba begani. Nikaona kuna kitu anataka kuuliza na haya inamzuia. Ningeweza kujifanya hamnazo. Nilitamani sana kujifanya hamnazo.

"Ile cherehani yangu ya kule karakana ina tabia zake," nikamwambia. "Ukianza na mguu, inakata uzi. Zungusha gurudumu kwa mkono kwanza, nusu mzunguko, ndipo ukanyage."

Akarudia polepole asikosee, kwanza mkono, halafu mguu.

"Mkono upi, Dada?"

"Wa kulia," nikasema.