Ukuta wa Mama Donatille

Mama Donatille alijua anaibiwa tangu ubao wa kwanza. Nyumba yake ya mbao, kule Mugunga, ina vyumba viwili: kimoja chake, kingine cha mpangaji. Mpangaji alikimbia vita, akaacha ndala moja tu, ya kushoto, na hajarudi kuiulizia. Basi mtu akawa anakuja gizani, anang'oa ubao wa chumba kile kitupu, anakohoa, anakwenda zake.

Kupiga kelele? Hakupiga. Watoto wake wako Kampala, nao wakipiga simu ni kuulizana kama mtandao unasikika. Mumewe analala kaburini, chini ya mawe ya volkano. Mwizi ndiye mtu pekee aliyekuwa akimtembelea bila kuitwa. Akisikia misumari ikilia, Mama anajigeuza kitandani na kusema moyoni: leo huyu amechelewa.

Alipoona mbao zinapasuka kwa kung'olewa kwa jiwe, aliudhika kweli. Mbao nzuri zile, marehemu alizitoa Masisi! Jioni akaacha nyundo nje, juu ya beseni. Asubuhi aliikuta palepale, imepanguswa. Alifurahi kama mtu aliyepewa salamu, akawa anaiacha kila jioni.

Mambo yaliharibika pale Léocadie, shefu wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, alipomkamata Twagirimana, mkimbizi wa vita kutoka Kibumba, akisukuma mbao juu ya chukudu, ile baiskeli ya mti ya kubebea mizigo. Kila mtu pale anazijua mbao za Mama Donatille, zimepakwa buluu. Wakapelekwa wote, pamoja na Mama, mbele ya Hilaire, opeje, yaani afisa wa polisi anayeandika mashitaka. Twagirimana alikaa chini sakafuni. Akakohoa. Mama Donatille akageuka haraka, kama ameitwa jina.

"Mama, wizi si mumoja," Hilaire alieleza. "Kuko wizi wa kawaida, unaweza kufika miaka tano. Na kuko ule muzito: mutu akivunja, ao akiiba usiku mu nyumba yenye kukaa watu. Ule unaweza kufika kumi. Sasa, alivunja?"

"Alivunja nini?"

"Ukuta."

"Juu ya kuiba nini?"

Hilaire alitazama karatasi yake. "Ukuta."

"Papa, mutu akiiba mulango, utamuuliza kama alipitia mulango?"

Askari wa mlangoni alicheka. Hilaire akamkata jicho.

"Ilikuwa usiku?"

"Mu nyumba yangu hata saa sita ya muchana ni giza."

"Na wewe ulikuwa mule ndani?"

Hapo Mama alikosa mzaha. "Nilikuwa," alisema polepole. "Niko mule siku zote."

"Basi ni wizi muzito." Hilaire akashika kalamu.

Twagirimana aliinua kichwa. "Niliiba, chef, sikatai. Hema yetu ya kambi ilipasuka, mvua inanyeshea mama yangu. Lakini nilizani nyumba haina mutu. Hakuna siku nilisikia mutu akisema mule, hata kukohoa."

"Na nyundo?" Mama Donatille aliuliza.

"Nilizani wenye nyumba waliiacha wakikimbia, mama."

Maneno hayo yalimchoma kuliko mbao zote. Wiki nzima alidhani wanajuana. Alitaka kusema: andika miaka kumi, ongeza na mmoja kwa ajili yangu. Akamtazama yule kijana akikohoa ndani ya kiganja, kikohozi kilekile.

"Papa Hilaire, kama mwenye kitu alikubali?"

"Hapo hakuna wizi. Wizi ni kuchukua kitu cha mutu bila yeye kutaka."

"Basi andika: nilimuwekea nyundo."

"Ulimwambia achukue?"

"Mujane akiacha nyundo nje kila jioni, unazani anangojea fundi gani?"

"Mama Dona, utatuharibia avenue!" Léocadie alifoka.

"Nyumba ni yangu, shefu. Ukitaka kuibiwa, weka nyundo yako."

Hilaire alifuta jasho, akafunga faili.

Kesho yake mchana Twagirimana alirudisha mbao zote. Mama alimwambia, "Beba, funikia mama yako." Kijana akatikisa kichwa: "Watasema nimeiba tena." Alizipigilia moja moja, bila kupumzika. Mama alipika chai ya tangawizi, akapanga vikombe viwili. Kijana aliinamisha kichwa, "Aksanti, unisamehe, mama," akaondoka na chukudu tupu bila kukaa, haya imemjaa usoni.

Ukuta ukawa mzima. Hata upepo haukupita tena. Mama Donatille alikunywa chai yake, kisha akanywa na ile nyingine, ikiwa imepoa.

Halafu alichukua nyundo, akaingia chumba kitupu. Alichagua ubao mmoja, akalegeza misumari yake, ya juu na ya chini, akauacha umening'inia. Nyundo akairudisha nje, juu ya beseni. Akaketi kando ya ile ndala ya kushoto, mdomo karibu na ufa, akakohoa. Akangoja kidogo, akakohoa tena, kwa nguvu, mpaka mpita njia yeyote ajue humu ndani kuna mtu.