Saba Atafutiwa Chumba

Jana usiku nilisinzia juu ya sudoku, lile fumbo la kujaza namba gazetini, nikaota napigiwa hodi.

Mlangoni amesimama Saba, ile namba yenyewe, amekumbatia mto uliotoboka. Sufi zinadondoka sakafuni.

"Kaka, ni wewe uliyenipangisha pale?"

"Ndiyo, dada."

"Uliuliza kwanza nani anaishi mtaa ule?"

Sikuuliza. Nilikisia, tena kwa kalamu ya wino.

Nyuma yake akatokea kifutio mnene aliyevaa kofia. "Mimi ndiye mjumbe wa nyumba tisa."

"Si huwa nyumba kumi?"

"Hiyo kwenu. Huku kila mtaa, toka kushoto hadi kulia, una nyumba tisa, na wakazi ni Moja mpaka Tisa, kila mmoja mara moja. Mtaa ule tayari una Saba, mzaliwa, amechapishwa palepale. Huyu wako namfuta."

"Nifutwe?" Saba akashangaa. "Hata chai sijanywa!"

Moyo ukaniuma. "Shikamoo, mjumbe. Niache nimtafutie chumba kingine."

"Marahaba. Ukikisia tena, nawafuta wote wawili."

Sebule ikageuka ua wa vyumba tisa, vitatu kwa vitatu. Sita vina watu, na hakuna Saba kati yao. Vitupu ni kile alichotolewa na vingine viwili.

"Uani nako ni Moja mpaka Tisa, bila kurudia," mjumbe akanikumbusha.

Tunaingia chumba cha kwanza. Nachungulia dirishani: vyumba vimepangana safu kwenda chini, na ghafla ni ngazi za hosteli yetu ya chuo. Chini kabisa, Saba mwingine anafua soksi.

"Safu nayo ina sheria hiyohiyo?"

"Hiyohiyo," anajibu mjumbe, akijisugua kona ukutani, tayari kwa kazi.

Kimebaki kimoja. Safari hii sikisii. Nabisha hodi mtaa mzima: hakuna Saba. Napanda safu, nashuka: hakuna. Basi ni chake.

Mjumbe anakagua, anaguna. "Karibu, mama. Maji hutoka asubuhi tu."

Saba anatua mto wake, anavuta pumzi. "Na wewe kaka, chumba chako kiko wapi?"

"Nimemaliza chuo, kazi bado. Nalala sebuleni kwa mama mdogo."

"Kumbe bado hujajazwa," anasema kwa upole. "Usikubali wakukisie."

Nikaamshwa na mama mdogo Salome. "Wewe Nuhu, umelalia gazeti langu! Haya, angalau hiyo saba umeipatia."

Nikatazama. Wino wangu, mwandiko wangu, lakini saba ilikuwa imehamia mraba wa chini. Pale nilipoiandika jana, karatasi ilikuwa nyeupe pee.

Pembeni ya saba palinata kinyuzi cha sufi. Nyumba hii, mito yote ni ya sponji.