Barua ya Kumtetea Hilmar

Kila mwaka, wiki moja kabla ya sikukuu ya taifa ya tarehe kumi na saba Mei, wakazi wa jengo la Bakkeveien walifanya msaragambo wa kusafisha uwanja. Theluji ikishayeyuka, uwanja hubaki na changarawe, vichungi vya sigara na glavu za watoto zilizopotea tangu Desemba, na ilikuwa aibu kupandisha bendera juu ya uchafu wa namna hiyo. Kaya zilikuwa kumi na mbili. Hakuna aliyelazimishwa kuja, na hakuna aliyethubutu kukosa.

Solfrid, mwenyekiti wa jengo, alibandika orodha mlangoni siku ya Jumatatu. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa makali. Birger wa ghorofa ya pili, kufagia. Reidun wa chini, kahawa na keki. Mbele ya jina la Hilmar Nesje aliandika neno moja tu: apumzike.

Hilmar alilisoma mara mbili. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya meli, mpaka siku ndoano ya winchi ilipokatika na kumwangukia begani. Mifupa iliunga. Mishipa ya fahamu ya shingo haikupona. Tangu hapo, kila alipoutumia, mkono wake wa kulia ulifanya kazi nusu saa hivi, kisha ukaanza kutetemeka, kisha maumivu yakapanda hadi nyuma ya jicho, na hapo ilimbidi alale gizani siku mbili tatu. Huu ulikuwa mwaka wa nne akiishi kwa pensheni ya ulemavu.

Pensheni ilitosha. Hilo lisemwe mapema, maana wapo wanaodhani shida ya mtu kama Hilmar ni tumbo. Shida yake ilikuwa namna ya kupitisha kutwa nzima. Kila siku aliamka saa kumi na mbili bila kengele, akapaka mkate siagi, akaweka jibini ya kahawia, akaufunga kwenye karatasi kama alivyofanya zamani akienda karakanani, halafu akakaa nao. Saa tano akaufungua na kuula kwenye meza ile ile alipoufungia. Siku nyingine alijicheka. Siku nyingi hakujicheka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilmar alikuwa mwaka wa nne katika ugeni wake, na hakuna aliyemletea hata fagio.

Alitoa kalamu mfukoni, akakata lile neno, akaandika "uzio".

Jioni Solfrid alimkamata kwenye ngazi.

"Nani kakuruhusu uguse orodha yangu?"

"Jina ni langu."

"Jina ni lako, orodha ni yangu. Ule uzio una mbao thelathini na mbili za kupaka rangi, Hilmar. Utajiumiza bure."

"Nitapaka polepole."

"Kaa na Reidun umimine kahawa. Hiyo nayo si kazi?"

"Nimechomelea meli zinazofika Greenland, leo nikamimine kahawa?"

"Haya, shauri yako," alisema Solfrid. "Ila usije ukanililia mimi."

Jumamosi hakukuwa na mvua, jambo ambalo kaskazini huko ni heri tosha. Watu walitoka na mareki na matoroli. Hilmar alipiga goti mbele ya uzio akiwa na kopo la rangi nyekundu, na Birger, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alimwona kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Jamani, njooni muone! Hilmar kafufuka!"

"Fagia wewe," Hilmar alijibu.

"Wenzako huchumia juani wakalia kivulini. Wewe umekula kivulini miaka minne, leo ndiyo unakumbuka jua!"

Watu waliangua kicheko, na Reidun akamkemea Birger kwamba hana adabu. Hilmar ndiye aliyecheka kuliko wote. Wagonjwa hawataniwi. Kwa miaka minne majirani walikuwa wakimuuliza anaendeleaje kwa sauti ya hospitali, wakiinamisha vichwa, na sasa mtu alikuwa amemtukana mbele ya watu kama mtu mzima mwenye afya yake.

Alipaka kwa saa mbili nzima. Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri, hata akaanza kupiga mluzi. Kisha mkono ukaanza kutetemeka, akahamishia brashi mkono wa kushoto. Wa kushoto ulipochoka, akarudisha wa kulia na kuushika kifundo kwa ule mwingine. Ubao wa mwisho aliupaka bila kuuona sawasawa. Halafu akala soseji akiwa amesimama pamoja na wenzake, akasema neno moja au mawili kuhusu bei ya mafuta ya boti, akapanda ngazi, akavuta mapazia.

Alilala mpaka Jumatano. Aliumwa sana na alifurahi sana, na hakuona kwamba viwili hivyo vina ugomvi.

Alhamisi ikaja barua kutoka ofisi ya mafao. Mtu ambaye hakutaja jina alikuwa amewapigia simu kuwaarifu kwamba Hilmar Nesje anaonekana hadharani akifanya kazi ya kupaka rangi kwa saa kadhaa. Alitakiwa afike tarehe ishirini na sita kujieleza. Pensheni yake ingeangaliwa upya, na ikibidi isimamishwe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hilmar alimshuku Birger, akaenda kumgongea mlango.

"Mimi?" Birger alisema, akiwa na mswaki mdomoni. "Mimi nikitaka kukusema si nakusema usoni? Ulinisikia Jumamosi. Simu ya nini?"

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Aliyepiga simu hakujulikana, na hajajulikana mpaka leo. Katika jengo la kaya kumi na mbili jambo hilo huweza kumla mtu roho, lakini Hilmar alikuwa na la kumla zaidi. Bila pensheni asingelipa nyumba hata miezi miwili, na karakana gani ingemchukua fundi wa nusu saa? Alishuka akamwonyesha Solfrid ile barua.

Solfrid aliisoma, akaikunja. "Niachie mimi," alisema.

Kesho yake alimletea karatasi iliyopigwa chapa, yenye muhuri wa kamati ya jengo. Hilmar aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Ilisema kwamba Hilmar Nesje alishiriki msaragambo kwa hiari yake. Kwamba kazi aliyoifanya haikufaa, kwa sababu rangi ilichuruzika na sehemu nyingine ziliachwa wazi. Kwamba wakazi wengine walilazimika kuirudia karibu yote. Na kwamba kwa maoni ya kamati hana uwezo wa kufanya kazi yenye manufaa.

"Ni kweli?" Hilmar aliuliza.

"Ni barua ya kukutetea."

"Sijauliza ni barua ya nini. Nimeuliza kama ni kweli."

Solfrid alikuwa na kasoro zake, ila uongo haukuwa mojawapo. Alitazama viatu vyake kidogo, kisha akamtazama yeye.

"Ni kweli. Mimi na Birger tulirudia Jumapili asubuhi, watu wakiwa bado wamelala. Birger ndiye aliyesema usiambiwe."

"Zote?"

"Mbao sita za kwanza hatukuzigusa. Hizo zilikuwa safi. Zilikuwa safi kuliko zetu."

Hilmar aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hasira. Siku nne za giza, akiutabasamia ukuta kama mjinga, kwa ajili ya uzio ambao wengine walikuwa wamekwisha kuupaka chini ya dirisha lake. Alitaka kuichana ile karatasi. Solfrid aliliona hilo mikononi mwake.

"Ichane," alisema. "Halafu utakula nini? Utakula uzio?"

Hakuichana.

Tarehe ishirini na sita alikaa mbele ya afisa aliyeitwa Ingvild, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye mafua. Aliisoma barua ya Solfrid mpaka mwisho, akarudi juu akaisoma tena, na uso wake ukalegea. Hakupenda kuwanyang'anya watu riziki.

"Hii inatosha kabisa, Hilmar. Inaonyesha waziwazi kwamba hali yako haijabadilika. Nalifunga suala hili, na pensheni inaendelea kama kawaida."

Hilmar alishusha pumzi. Alifurahi, na anayedhani hakufurahi hajawahi kulala akihesabu miezi aliyobakiza kwenye nyumba yake.

"Una la kuongeza?" Ingvild aliuliza. Lilikuwa swali ambalo sheria inamtaka aliulize, na watu hulijibu wakiwa tayari wanavaa makoti.

"Lipo," alisema Hilmar. "Mbao sita za kwanza hazikurudiwa."

"Samahani?"

"Barua inasema 'karibu yote'. Naomba uandike idadi. Sita zilikuwa sawa."

Ingvild aliondoa vidole kwenye kibodi. "Sikiliza. Nikiandika kwamba sehemu ya kazi yako ilifaa, atakayesoma faili hili baada yangu anaweza kuuliza kwa nini hujapelekwa kupimwa upya uwezo wa kufanya kazi. Unajua vipimo vile vilivyo. Miezi na miezi. Mimi sikushauri."

"Nimekuelewa."

"Na halikusaidii chochote."

"Najua. Andika."

Ingvild alimtazama mtu huyu aliyekaa wima kwenye kiti, mkono wa kulia umelala mapajani. Kisha akapenga kamasi, akaivuta kibodi karibu.

"Sita, ndiyo?"

"Sita."

Aliandika. Hilmar akamwomba amsomee alichokiandika, naye akamsomea: mbao sita za kwanza zilipakwa na mhusika mwenyewe, zikawa sawa, hazikuhitaji kurudiwa.

"Basi, nitie sahihi ya kufunga?" Ingvild aliuliza.

"Nisomee tena kwanza," alisema Hilmar.