Vivuli vya Ofisi ya Vibali

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, karani wa vibali vya waajiri wa nje alipangusa muhuri wake, akauchovya kwenye wino, akaujaribu juu ya gazeti la jana. Mfagizi naye alifuta ukuta wa chumba cha kusubiri kwa kitambaa kikavu, maana maji yalivisumbua vivuli.

Vilikuwa vya wasichana waliosafiri. Mwajiri akishagongewa muhuri, msichana aliondoka na mkoba wake, kivuli kikabaki ukutani juu ya benchi, kikifanya lile analofanya mwenyewe huko aliko. Akirudi, alipita kukichukua. Ofisi ilishazoea, ilichokataza ni kutundika kalenda upande ule.

Mama mmoja muuza mkaa alikuja kila siku kumtazama bintiye. Wenzake walimwambia afadhali yeye, anamwona. Lakini kuona nako kuna adhabu yake. Kivuli kilideki, kikafua, kikabembeleza mtoto wa watu, kikadeki tena. Kula kilikula kimesimama. Wiki hiyo mkono wa kushoto uliacha kufanya kazi. Ulining'inia tu, na wa kulia ukaendelea kudeki.

"Mwanangu," mama alimwambia karani, "dada yako amevunjika mkono."

Karani alitoka nyuma ya dirisha lake, akasimama mbele ya ukuta, akaona. Roho ilimuuma. Kibali cha mwajiri yuleyule wa binti huyo kilikuwa mezani kwake, wakala wa ajira amekileta kihuishwe ili wasichana wengine wawili wapelekwe. Akakibeba hadi kwa mkuu.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuja, akavaa miwani, akampa mama pole kwa mikono miwili. Pole haiungi mfupa, lakini mama aliipokea. Kisha mkuu akaeleza kwamba malalamiko hupokelewa kwa mlalamikaji mwenyewe, ana kwa ana.

"Si huyo hapo ukutani, mkuu?" karani alisema.

"Namwona. Kitambulisho chake kiko wapi?"

Kilikuwa kwa mwajiri, pamoja na pasipoti. Hilo kila mtu pale alilijua.

Malalamiko hayakuandikwa. Karani akakigonga kibali muhuri taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Wale wasichana wawili wapya walitoka wamekumbatiana kwa furaha. Vivuli vyao vikabaki ukutani, vikitafuta pa kukaa. Haijulikani binti alihisi nini huko aliko. Kivuli chake kiliinua ndoo kwa mkono mmoja, kikasogea.

Mama naye akasogea kwenye benchi kuacha nafasi, maana watoto hawa nao wana mama zao.