Mgeni wa Nyamarambe

Mzee Zachariah Onsongo ndiye mtu wa kwanza kijijini kwao, karibu na Nyacheki, kuwa na bwawa la kuogelea, na hakuwa amewahi kuliingia. Jambo hilo lilimkosesha usingizi. Jumapili angefungua nyumba yake ya wageni, na watu hawakosi maneno: wangetaka mwenye bwawa atangulie. Je, akizama mbele yao, majirani wote wakichungulia kutoka kwenye michai?

Kwa hiyo mkwewe Eric alipokwenda sokoni, Mzee akaona nafasi ndiyo hiyo. Eric, mume wa binti yake Lorna na baba wa mjukuu wake Kemuma, ni fundi wa umeme mjini Nyamira. Tangu asubuhi alikuwa akifunga mashine ya kutengeneza klorini kutokana na chumvi iliyokwisha kumwagwa bwawani. Walikuwa wametofautiana kidogo, kama mkwe na baba mkwe wanavyotofautiana Gusii: mmoja anasema, mwingine anatazama viatu vyake.

"Baba, kabla ya kuwasha, tungeweka ile swichi inayokata umeme ukivuja," Eric alikuwa amesema.

"Swichi nyingine? Nyumba hii ina swichi nyingi kuliko watu! Unga kwenye waya wa pampu, ule niliovuta mwenyewe. Kazi ya mikono yangu haijawahi kulalamika."

"Sawa, baba," Eric akajibu, akavitazama viatu.

Sasa Mzee alivua nguo, akazificha nyuma ya ua, akashuka ngazi za bwawa akiwa na kaptula yake ya bluu tu. Maji yalimfika kifuani. Akayaonja.

"Yamekolea," akasema, kama mtu aliyeonja mboga.

Ndipo akasikia hatua. Eric alikuwa akirudi, bomba begani likimziba uso upande wa bwawa. Mzee akajizamisha. Alipoibuka, mkwe alikuwa ameshaingia chumba cha pampu, na mlango wake ulikuwa wazi, ukitazama zile ngazi.

Hapo pakawa na kazi. Mkwe kumwona baba mkwe akioga ni aibu kubwa, ile Wagusii wanayoiita ensoni, na haitoki kwa sabuni. Mzee akajibanza ukutani, maji shingoni.

"Nataka kuwasha!" Eric akapaza sauti kutoka ndani. "Kuna mtu majini?"

Mzee akapiga hesabu. Akijibu, mkwe atatoa kichwa nje amwone. Asipojibu... Akaukumbuka ule waya aliouvuta mwenyewe.

"Nauliza tena! Kuna mtu?"

Kifuniko cha swichi kikalia. Mzee akausikia wasifu wake ukisomwa kanisani: marehemu alikutwa amevaa kaptula ya bluu. Akabana pua.

"Kuna mgeni!"

Kifuniko kikafungwa tena.

"Mgeni wa wapi?"

"Wa Nyamarambe."

"Mwenye bwawa anajua uko humo?"

"Anajua... kidogo."

Eric akakohoa kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye kikohozi.

"Basi sikia, mgeni. Sijawasha. Nafunga mlango na kugeukia ukuta. Nitaimba wimbo wa kanisani, beti zote. Kama hutakuwa umetoka, nitaanza mwingine."

Mlango ukafungwa, wimbo ukaanza. Mzee alitoka mbio, kwa kasi ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau.

Baadaye akaja kwa mwendo wa heshima, amevaa koti, masikio yakichuruzika maji.

"Baba Kemuma, nasikia kulikuwa na mgeni hapa."

"Alikuwepo, baba. Mtu mkimya mno. Nilimwogopea. Maji ya chumvi na umeme ni marafiki wa haraka. Waya ukivuja bila ile swichi, hakuna wa kuwaachanisha."

Mzee akatazama viatu vyake. Ilikuwa zamu yake.

"Iweke. Kwa ajili ya wageni."

"Ninayo mfukoni, baba. Nilinunua sokoni. Nilikuwa nikitafuta namna ya kukuambia."

Akaifunga. Kisha akaunga mashine pamoja na pampu, ili pampu ikisimama nayo isimame, gesi inayotoka kwenye mashine isije ikajaa bombani ikalipuka. Akahakikisha bwawa ni tupu, akawasha.

Ta! Swichi mpya ikajizima yenyewe: umeme ulikuwa ukivuja.

Wakaufuata waya hadi ukingoni mwa bwawa. Kwenye tope walikuta kiungo kilichofungwa kwa mfuko wa mkate, kimelowa chepechepe. Mzee aliutambua hata mkate wenyewe: aliula siku aliyovuta waya.

"Yule mgeni," akauliza polepole, "angekufa?"

"Angekufa, baba."

Mzee mwenyewe akaukata ule waya, akautupa mbali. Walikuwa bado wamesimama hapo Kwamboka, mkewe, alipotokea jikoni na birika la chai.

"Baba Lorna," akaita, "kaptula yako ya bluu mbona iko uani inachuruzika maji?"

Eric akageukia ukuta, akaanza kuimba.