Nyumba Iliyoifuata Yoti

Siku ya tatu tangu watoke bandari ya Quemchi, kwenye saa nne asubuhi, Eliseo alikuwa amekaa nyuma ya yoti akimenya viazi vya mchana, ndoo katikati ya magoti, nyumba ilipochomoza nyuma ya rasi. Ilikuwa nyumba ya mbao, kuta zake za vigae vya mbao vilivyopakwa njano zamani, na ilielea wima, maji yakiishia chini kidogo ya kizingiti. Bomba la jiko lilitoa moshi. Ilikuja polepole, ikipita palepale yoti ilipopita.

"Nyumba ile," alisema Gaspar, mwenye yoti, bila kuachia usukani.

"Nimeiona," alisema dada yake Antonia, akaendelea kuanika taulo. "Ina mapazia mazuri."

Katika visiwa vya Chiloé mtu akihama huhama na nyumba yake. Majirani huing'oa, huiburura kwa ng'ombe hadi ufukweni, hungoja maji yajae, kisha huivuta kwa mashua hadi kisiwa kingine. Gaspar na Antonia walikuwa watu wa Santiago, lakini hilo walilijua. Kitu pekee ambacho Gaspar alikitaja ni kwamba hapakuwa na mashua iliyoivuta.

Eliseo alikimenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi. Katika chumba cha pili kushoto cha nyumba ile ndimo alimozaliwa, na shangazi yake Rosalba ndiye aliyemlea humo.

Mwezi wa Oktoba shangazi alikuwa amemwandikia barua. Bahari ilikuwa inakula shamba, na ukingo ulikuwa umebakiza hatua kumi kuufikia mlango. Alitaka nyumba ihamie kisiwa cha Quehui. Kazi hiyo haiajiriwi watu. Mtu wa nyumba huenda mlango kwa mlango, hutaja jina la ukoo wake na kuomba kwa kinywa chake, na aliyeombwa hivyo hakatai. Magoti ya shangazi hayakuwa tena ya kutembea, na kwenye ukoo walibaki wao wawili. "Njoo siku tatu tu, mwanangu," aliandika, "utembee badala yangu."

Eliseo hakujibu. Miaka sita nyuma alikuwa amekwenda mahakamani akaliacha jina la Guaiquín, jina la wenyeji wa asili wa visiwani, akachukua la Montalva, kwa sababu ofisini kwake Santiago kila alipolitaja lile la kwanza watu walimtaka alirudie, kisha wakatabasamu. Marafiki zake hawa walimjua kuwa yatima, mtoto wa mhandisi wa Valdivia. Kwenda kuomba kwa jina alilolifuta lilikuwa jambo asiloliweza. Kwa hiyo hakuna aliyeombwa na hakuna aliyekuja. Nyumba ilingoja hadi mwisho wa Januari, ikaingia majini yenyewe.

Iliwafuata siku mbili. Walipotia nanga kisiwani Mechuque, nayo ilisimama, ikaacha nafasi ya heshima.

"Inamtafuta mtu," alisema Antonia wakinywa chai.

"Basi ni huyu," alisema Gaspar. "We Eliseo, sema kweli. Mchumba uliyemkimbia kakufuata na nyumba kabisa, ukose kisingizio."

Eliseo alicheka pamoja nao.

Siku ya tano upepo ulitulia, na nyumba ikaja ikakaa ubavuni mwa yoti. Dirisha lilifunguliwa. Shangazi Rosalba alikuwa amejitanda mtandio mweusi anaovaa kanisani, nywele amezichana.

"Hamjambo, wenye chombo."

"Hatujambo, mama," walijibu ndugu wale wawili.

Alimtazama Eliseo. "Eliseo wa Anselmo Guaiquín," alisema, "nimekuja kukuomba."

Gaspar na Antonia waligeuka. Maji yalikuwa yanagonga taratibu kwenye kizingiti.

"Samahani, mama," alisema Eliseo. "Umenifananisha."

Shangazi aliukaza mtandio kichwani. "Yawezekana. Macho yangu siku hizi yananidanganya. Nisamehe, kijana. Unaitwa nani?"

"Montalva."

"Bwana Montalva." Alilitamka polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine. Kisha akamgeukia Gaspar. "Basi nakuomba wewe, baba. Kamba tu, na mikono kule ufukweni."

"Hilo tu? Antonia, hebu lete kamba ile nene."

Antonia alipokuwa anafunga kamba alimnong'oneza Eliseo, "Maskini, bibi wa watu. Hana hata mtoto?"

"Ninaye," alisema shangazi kutoka dirishani. "Yuko mbali."

Waliwasha injini, wakaivuta hadi Quehui, wakafika maji yakiwa yamejaa. Gaspar ndiye aliyeshuka kuomba. Alipita mlango kwa mlango akiwa na viatu vyake vyeupe, akisema kila mahali, kwa sauti ya kujivunia, kwamba amekuja kwa niaba ya Rosalba Guaiquín. Watu walitoka na jozi sita za ng'ombe. Eliseo alishika kamba ya mbele, akavuta mpaka viganja vikachubuka, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hakufanya kazi.

Saa kumi jioni nyumba ilikuwa juu ya kilima, na shangazi alikuwa amepika kome, nyama ya nguruwe na mikate ya viazi. Siku kama hiyo waliovuta hukaa, na watu wa nyumba husimama wakiwahudumia, wao wakila mwisho. Rosalba alipita peke yake na sufuria, akishikilia migongo ya viti.

Eliseo aliinuka, akashika mkono mmoja wa sufuria. "Niachie, mama, nikusaidie."

Hakuachia. "Mgeni hapakui hapa, bwana Montalva. Anayepakua ni mtu wa nyumbani."

Shangazi alisubiri. Sufuria ilikuwa ya moto, na wote wawili walikuwa wameishika. Alilotakiwa Eliseo kusema lilikuwa neno moja. Antonia alikuwa ameinua macho, sahani mkononi.

"Eliseo, kaa bwana," alisema Gaspar. "Unamchelewesha mama wa watu."

Eliseo alikaa. Shangazi alimpakulia kwa wingi, kama anavyopakuliwa mtu aliyetoka mbali, akamshukuru kwa kuja, akasogea kwa aliyefuata.