Ukungu wa Mikokoni

Saa kumi na mbili na robo Ndinda alifungua kufuli la uzio, akapangusa kipimajoto kwa ncha ya leso, akasoma. Kituo cha hali ya hewa kilikuwa chumba kimoja na kibanda cheupe cha vyombo, juu ya tuta la mchanga karibu na mdomo wa mto Sabaki. Chini ya tuta, upande wa kaskazini, palikuwa na mabwawa ya kampuni ya chumvi. Kabla mabwawa hayajachimbwa palikuwa na kijiji cha Mikokoni, nyumba arubaini na moja za udongo na mawe. Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote za miaka miwili, ukungu ulikuwa umekwisha kupanda kutoka baharini, na nyumba arubaini na moja zilikuwa zimesimama juu ya mabwawa. Ndinda aliandika daftarini: ukungu mzito, umbali wa kuona mita thelathini. Nyumba hakuziandika. Fomu haikuwa na safu ya nyumba.

Zamani ukungu ulikuwa mgeni pwani ile. Ulikuja mara moja au mbili kwa mwaka, na kila mtu aliuita alivyojua. Bwanamkuu, mshona viatu aliyezaliwa visiwani, aliuita shemali. Watu wa mji wa kale wa Malindi walisema kungugu. Randu, jirani wa Bwanamkuu, alikuwa na jina la lugha ya nyumbani kwao, lenye maana ya moshi usio na moto. Ndinda mwenyewe alitoka Kitui na alisema ukungu tu, kwa kuwa ndivyo fomu ilivyosema.

Siku Mikokoni ilipobomolewa hapakuwa na shemali, wala kungugu, wala moshi. Jua lilichomoza jekundu. Ndinda aliandika anga safi, umbali wa kuona kilomita kumi, na kutoka juu ya tuta akatazama trekta la kampuni likianza na nyumba ya kwanza. Watu walikuwa wametoka na vyungu vyao na magodoro. Katika nyumba ya nne alikuwamo Jaha, mke wa Bwanamkuu, amelazwa na homa, na Bwanamkuu alikuwa amekwenda kuomba mkokoteni wa kumbebea. Ukuta ulimwangukia Jaha kitandani, akafa.

Jioni mkubwa wa Ndinda, Kamande, alipiga simu kutoka mjini. Alisema dereva wa trekta ameeleza kwamba hakuona kitu kwa sababu ya ukungu, na kwamba ingependeza daftari la serikali lisimkanushe mtu maskini mwenye watoto. Alimkumbusha pia kwamba mkataba wake unakwisha mwezi ule.

"Ni neno moja tu, Ndinda," alisema. "Ukungu haumdhuru mtu."

Ndinda hakufuta. Kufuta kungeonekana. Alichana ukurasa mzima, akanakili siku zote za mwezi kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, na alipofika siku ile akaandika: ukungu mzito, saa kumi na mbili hadi saa tatu. Akatia sahihi. Mkataba ukaongezwa.

Kesho yake saa kumi na mbili ukungu ukaja, ukakaa hadi saa tatu. Keshokutwa ukaja tena. Siku ya tano kuta zilianza kuonekana ndani yake, kwanza misingi, halafu milango, na wiki ya pili mapaa. Watu wa Mikokoni, waliokuwa wamejibanza kwa ndugu zao ng'ambo ya mto, walisikia habari, wakaja wakaingia majumbani mwao. Walifagia. Walikaa barazani. Saa tatu kuta zilipoanza kupungua walikunja mikeka, wakatoka kwa foleni juu ya kingo za mabwawa. Jaha, aliyerudi pamoja na nyumba yake, hakutoka. Yeye alikuwa wa ukungu kama zilivyokuwa kuta, na saa tatu aliondoka nazo.

Majina ya zamani yaliachwa polepole. Ndinda alilisikia jipya dukani, alipokwenda kununua kiberiti. Mwenye duka alikuwa akimweleza mteja kwa nini wavuvi hawajatoka.

"Ndinda amefunga leo," alisema. "Mpaka saa tatu."

Hakulisema jina hilo la ukungu kwa ubaya. Alimrudishia Ndinda chenji yake na kumwuliza hali ya nyumbani. Ndinda akajua kwamba wanajua, na kwamba wamejua tangu mwanzo, kwa kuwa wao pia siku ile waliliona jua.

Alikaa na jambo hilo miezi minne. Mwishowe asubuhi moja, baada ya kusoma vipimo, aliteremka tuta, akapita kwenye ukingo wa bwawa hadi nyumba ya nne, akapiga hodi.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, Bi Jaha."

"Marahaba," walijibu wote wawili. Bwanamkuu alikuwa akishona kandambili. Jaha alikuwa jikoni, upande mmoja wa uso wake umebonyea, akipuliza moto. Alimkaribisha mgeni mkekani, akamtilia chai. Chai haikuwa na ladha yoyote, ila ilikuwa moto.

Ndinda alieleza alichokifanya, tangu simu hadi sahihi. Alieleza kwa mpangilio, kama asomaye ripoti. Bwanamkuu hakuacha kushona.

"Twajua, mwanangu," Jaha alisema. "Kawaambie wasiojua."

Nafasi ilipatikana mwaka wa pili. Randu, aliyekuwa mwenyekiti wa wana Mikokoni, alikuwa ameandika barua nyingi hata jopo la uchunguzi likaundwa. Walikuja watu watatu na karani, wamevaa gambuti, wakakaa kwenye baraza ya Bwanamkuu saa moja na nusu asubuhi. Mwenyekiti wa jopo alipapasa ukuta, akauona ni imara, akamwambia karani aandike hivyo. Kisha akamwuliza Jaha alikufa vipi.

"Niliona jua dirishani," Jaha alisema. "Halafu niliona ukuta."

Karani alipekua faili. Ushahidi wa marehemu, alieleza kwa upole, hupokewa kwa kulinganishwa na cheti cha kifo, na cheti kilisema ajali kwa sababu ya ukungu.

Ndinda, aliyekuwa amekaa mwishoni mwa baraza, alisimama.

"Siku ile hapakuwa na ukungu," alisema. "Niliandika uongo. Niliambiwa niandike, nikaandika."

Mwenyekiti alimshukuru. Alimwonyesha nakala ya ukurasa, akamwuliza kama sahihi ni yake. Ndinda akasema ni yake. Akamwuliza kama kuna alama yoyote ya kufutwa. Ndinda akasema hakuna. Akamwuliza, kwa ujuzi wake wa kazi, hiki kilichowazunguka sasa hivi ni nini.

"Ukungu," Ndinda alisema.

"Na huja lini?"

"Kila siku. Saa kumi na mbili hadi saa tatu."

"Kama daftari lisemavyo," mwenyekiti alisema, na karani akaandika.

Uamuzi ulifika baada ya wiki tatu. Kifo kilikuwa cha ajali iliyosababishwa na hali ya hewa. Ardhi ilikuwa ya kampuni. Nyumba ziliruhusiwa kuendelea kusimama kila siku hadi saa tatu, maadamu hazizuii kazi. Kampuni haikupinga, ilisogeza mbele zamu ya asubuhi hadi saa tatu. Kamande hakumfukuza Ndinda. Alimpongeza kwa rekodi isiyo na pengo hata la siku moja.

Randu alisoma barua ile kwa sauti, nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyelia. Mtu mmoja aliuliza kama wanaweza kupaka chokaa. Randu alisema barua haikukataza.

Ndinda aliendelea kuteremka kila asubuhi. Juma lililofuata Jaha alimwomba kitu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amebandika mchuzi, na kila alichokipika tangu afe kilikuwa kimepooza. Alitaka chumvi.

Ndinda aliinunua dukani, pakiti ya nusu kilo yenye picha ya bwawa na jua, akamletea. Jaha alikata ncha ya pakiti kwa meno, akatia vidole vitatu, akakoroga, akaonja kwenye kiganja.

"Imekolea," alisema. Akampakulia mumewe, akampakulia Ndinda, yeye mwenyewe akala akiwa amesimama, haraka haraka.

Walikuwa hawajamaliza king'ora cha kampuni kilipolia. Paa lilikwenda kwanza. Bwanamkuu alikunja mkeka, akainama kumwambia mkewe neno sikioni, akatoka kupitia pale palipokuwa mlango. Wafanyakazi walikuwa wakingoja ukingoni na reki zao. Walimpisha apite, wakamwamkia, wakashuka bwawani.